Mlio Kifuani: Maumivu ya Kidari Wakati wa Mazoezi na Kazi

Kama uko jikoni, dukani, kwenye matatu au shambani, sogea karibu na redio tuzungumze kwa dakika chache.

Leo tunaangalia jambo linalowasumbua wengi. Ni maumivu ya kidari, yaani ule mfupa bapa ulio katikati ya kifua, pamoja na ule mlio wa "ko!" au "pa!" ambao mtu huusikia anapofanya mazoezi, anapoinua mzigo au anapojinyoosha asubuhi akitoka kitandani.

Wanaopatwa na jambo hili si watu wa aina moja. Yupo kijana mtaani anayeinua vyuma vilivyotengenezwa kwa kujaza simiti kwenye mikebe ya rangi. Yupo mpakiaji wa magunia sokoni na msukuma mkokoteni. Yupo mama anayetwanga kinuni au anayebeba mtungi wa maji wa lita 20 kutoka mtoni. Yupo pia mwanafunzi aliyeanza kupiga pushapu kwa fujo kwa sababu ligi ya mpira inakaribia.

Hapa kwetu kila maumivu ya kifua tumezoea kuyaita kichomi. Neno hilo moja limebebeshwa nimonia, misuli iliyovutika, kiungulia, mbavu na hata ugonjwa wa moyo. Kwa sababu hiyo kuna watu wawili wanaoumia. Wa kwanza ana mbavu zilizochoka tu, lakini ameshasadiki kwamba moyo wake umeharibika. Ameacha kazi, halali usiku, na pesa za karo ameanza kuzitumia kwa vipimo. Wa pili moyo wake una shida kweli, lakini anajiambia ni misuli tu, ananunua vidonge viwili dukani na kwenda kulala. Mazungumzo ya leo yanawalenga wote wawili.

KIFUA KIMEJENGWAJE?

Weka kidole chako kwenye shimo dogo lililo chini ya koo. Sasa teremka nacho polepole juu ya mfupa. Baada ya upana wa vidole vitatu hivi utakutana na tuta dogo. Hapo ndipo sehemu ya juu ya kidari inapoungana na sehemu ya kati, na hapo pia ndipo ubavu wa pili unaposhikana na kidari. Endelea kuteremka mpaka mfupa uishe, juu tu ya tumbo. Ile ncha ndogo ndiyo sehemu ya tatu. Wazee wetu hupaita mahali hapo chembe cha moyo. Watu wengine huigusa ncha hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima na kushtuka wakidhani ni uvimbe. Ni sehemu ya mwili kama sehemu nyingine yoyote, na kila mtu anayo.

Sasa tuje kwenye mbavu. Mwanadamu ana jozi 12 za mbavu. Jozi 7 za juu zinafika kwenye kidari. Jozi ya 8, ya 9 na ya 10 hazifiki moja kwa moja, bali kila ubavu umejishikiza kwenye ule ulio juu yake. Jozi mbili za mwisho hazifiki mbele kabisa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba ubavu haushikani na kidari mfupa kwa mfupa. Katikati kuna gegedu, kitu kigumu lakini kinachonepa, kama kile unachokitafuna mwishoni mwa mfupa wa kuku. Gegedu hilo ndilo linaloruhusu kifua kupanuka unapovuta pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukipiga hesabu hata kwa ile idadi ndogo, utaona kifua kinapanuka na kushuka zaidi ya mara 17,000 kwa siku moja. Kwa hivyo viungo hivi havina likizo. Mtu akiteguka mguu anaweza kuupumzisha kwenye kiti, lakini mbavu haziwezi kupumzishwa. Ndiyo maana maumivu ya hapa hukawia kupona.

MLIO HUO UNATOKA WAPI?

Hebu tuanze na mlio wenyewe, kwa maana ndio unaowatisha watu zaidi.

Viungo vingi vinavyounganisha mbavu na kidari vina utando na ute ndani yake, kama vile viungo vya vidole. Unapokivuta kiungo cha namna hiyo, nafasi iliyo ndani hupanuka ghafla na hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya ute hujitenga. Hapo ndipo tunaposikia mlio. Mwaka wa 2015 watafiti nchini Kanada walimpiga mtu mmoja picha za MRI huku vidole vyake vikivutwa mpaka vilie, wakaona nafasi ya hewa ikitokea ndani ya kiungo papo hapo. Kidole kikishalia, huchukua muda wa dakika 20 hivi kabla hakijaweza kulia tena. Wengi wenye mlio wa kidari husema hivyo hivyo: kinalia mara moja asubuhi, kisha kinanyamaza kwa muda.

Je, mlio huo unaharibu kiungo? Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alikuwa ameonywa tangu utotoni kwamba kualisha vidole huleta ugonjwa wa baridi yabisi. Akaamua kujipima mwenyewe. Kwa miaka 50 alialisha vidole vya mkono wa kushoto angalau mara mbili kwa siku, na vya mkono wa kulia akaviacha. Mwaka wa 1998 aliandika kwamba mikono yote miwili ilikuwa sawa. Ni kweli kwamba mtu mmoja hatoshi kuwa ushahidi, lakini ni jambo la kututuliza kidogo.

Kwa hivyo, msikilizaji, mlio usio na maumivu, usio na uvimbe na ambao haukutokana na ajali, kwa kawaida si ugonjwa. Acha uje na uende. Lakini usiufanye mchezo wa kujinyonganyonga kila saa ili kifua kilie. Ukikivuta kiungo kila mara kwa makusudi, utachokoza nyama na kano zilizo karibu, na pale palipokuwa na mlio tu patakuwa na maumivu.

MAUMIVU YANATOKA WAPI?

Mlio ukiambatana na maumivu, mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi.

Ya kwanza ni uchungu wa pale mbavu zinapokutana na gegedu au kidari. Madaktari huuita kostokondraitisi. Hushika hasa mbavu kuanzia ya 2 hadi ya 5, mara nyingi upande mmoja, na zaidi ya sehemu moja kwa wakati. Hakuna uvimbe unaoonekana. Unapopabonyeza mahali hapo unaruka kwa uchungu. Huzidi ukivuta pumzi ndefu, ukikohoa, ukipiga chafya, ukigeuka kitandani au ukisukuma kitu kizito. Huweza kuanza baada ya kuinua vitu vizito, baada ya mazoezi mapya, au baada ya kikohozi cha wiki nzima. Wakati mwingine huanza bila sababu inayojulikana.

Ya pili inafanana na hiyo, ila sehemu moja huvimba na uvimbe huo huonekana au hugusika, kwa kawaida kwenye ubavu wa 2 au wa 3. Hali hii ilielezwa mwaka wa 1921 na daktari wa upasuaji Mjerumani, Alexander Tietze, na bado inaitwa kwa jina lake. Si saratani. Hata hivyo, uvimbe wowote kifuani uonyeshe kwa daktari, usijitibu kwa kukisia.

Ya tatu ni misuli mikubwa ya kifua kuvutika. Hiyo huuma zaidi kwenye nyama, kuelekea kwapani na begani, na mara nyingi mtu hukumbuka ni siku gani na ni mzigo gani ulioileta.

Ya nne ni ubavu wa chini unaoteleza. Tulisema kwamba ubavu wa 8, wa 9 na wa 10 umejishikiza kwa mwenzake wa juu. Kano za hapo zikilegea, ncha ya ubavu hupanda na kushuka, nawe unasikia "tik" chini ya kifua unapoinama au kujipinda.

Katika hali zote hizi jambo moja linafanana: maumivu yana mahali pake na yana mwendo wake. Unaweza kuonyesha kwa kidole kimoja na kusema, "Ni hapa," na unaweza kutaja tendo linaloyaamsha.

LINI UKIMBIE HOSPITALINI?

Hapa, msikilizaji, naomba ukae kitako usikilize kwa makini.

Moyo unapokosa damu ya kutosha, maumivu yake huwa mazito, kama mtu amekukalia kifuani au amekufunga kamba na kukaza. Hayaonyeshwi kwa kidole, bali mtu hukandamiza kifua kwa kiganja kizima. Yanaweza kuenda kwenye mkono, hasa wa kushoto, shingoni, kwenye taya au mgongoni. Huenda mtu akatokwa na jasho jembamba, akahisi kichefuchefu, akakosa pumzi au akaishiwa nguvu. Kwa wanawake, wazee na wenye ugonjwa wa sukari, dalili zinaweza kuwa hafifu: uchovu usio wa kawaida, pumzi fupi, au tumbo kuvurugika tu.

Kuna pia maumivu ya moyo yanayokuja mtu akifanya kazi na kuondoka akipumzika. Haya ndiyo yanayochanganya, kwa sababu na mbavu pia huuma wakati wa mazoezi. Jiulize swali hili: je, naumwa nikifanya tendo moja tu, kama kusukuma, kujinyoosha au kulala kifudifudi? Au naumwa na kila jambo linalonitia mbio, kama kupanda mlima, kupanda ngazi au kukimbilia gari, hata kama mikono yangu haikushika chochote, kisha nikisimama dakika chache maumivu yanakwisha? Kama jibu ni hilo la pili, usipige hata pushapu moja zaidi kabla ya kuonana na daktari.

Dalili nyingine za kukupeleka hospitalini bila kungoja ni hizi:

Maumivu makali ya ghafla upande mmoja, na pumzi inakatika. Huenda hewa imetoka kwenye pafu na kulibana. Vijana warefu wembamba na wavutaji sigara hupatwa na jambo hili zaidi.

Maumivu ya kifua na pumzi fupi, pamoja na mguu mmoja kuvimba, hasa baada ya kujifungua, baada ya upasuaji au baada ya kukaa muda mrefu bila kutembea.

Kukohoa damu, kuzirai, au moyo kwenda mbio bila mpango.

Homa pamoja na kikohozi na pumzi ya haraka. Hiyo inaweza kuwa nimonia.

Mtu mwenye ugonjwa wa selimundu akipata maumivu ya kifua, homa au shida ya kupumua. Ndugu zetu wa Nyanza, Magharibi na Pwani, ambako ugonjwa huu ni mwingi, walitilie jambo hili maanani. Asiambiwe avumilie. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Maumivu au mlio ulioanza baada ya kugongwa, kuanguka au ajali ya bodaboda. Kidari au ubavu unaweza kuwa umevunjika.

Mtu aliyepasuliwa kifua kwa ajili ya moyo, akisikia kidari kinagonga au kinacheza, hasa kidonda kikitoa usaha au akiwa na homa.

Ukiwa mahali ambapo huwezi kupata gari, piga simu ya dharura, 999 au 112. Na usiendeshe gari wala pikipiki mwenyewe ukiwa katika hali hiyo.

Ziko pia hali zisizo za kukimbia lakini zinazotaka kupimwa. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukitoka jasho usiku na kukonda, kapimwe kifua kikuu. Matibabu yake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Ukihisi moto nyuma ya kidari baada ya kula au ukilala, huenda ni kiungulia. Na ukihisi ngozi ya upande mmoja wa kifua inawaka, kisha baada ya siku chache malengelenge yakatokea, huenda ni mkanda wa jeshi. Wahi kituo cha afya, kwa maana dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu baada ya malengelenge kuonekana.

Nisisitize jambo moja zaidi. Kubonyeza kifua na kusikia uchungu hakutoshi kuthibitisha kwamba moyo ni mzima. Mtu anaweza kuwa na mbavu zenye uchungu na moyo wenye shida kwa wakati mmoja. Kama una miaka zaidi ya 40, au una shinikizo la damu, ugonjwa wa sukari, unavuta sigara, au katika familia yenu kuna aliyepatwa na ugonjwa wa moyo angali kijana, pimwa kwanza ndipo uambiwe ni mbavu.

UKIFIKA KWA DAKTARI

Eleza maumivu yalianza lini, yako wapi, ni tendo gani linaloyaongeza na ni lipi linaloyapunguza. Usifiche mazoezi unayofanya wala vidonge unavyomeza, pamoja na vile vya kujenga misuli. Atakubonyeza kifua, atasikiliza moyo na mapafu, atakupima shinikizo la damu. Akiona haja, atakupima mwendo wa umeme wa moyo au kukupiga picha ya eksirei. Fahamu kwamba gegedu halionekani vizuri kwenye eksirei. Ukiambiwa picha ni safi, haina maana kwamba unajifanya. Maana yake ni kwamba mapafu na mifupa haina kasoro kubwa iliyoonekana, na hiyo ni habari njema.

KUJITUNZA NYUMBANI

Sasa tuseme umepimwa na kuambiwa ni mbavu na gegedu. Utafanya nini?

Kwanza, punguza lile tendo linalochokoza. Kama ni pushapu, ziache kwa wiki mbili hivi. Lakini usilale kitandani. Tembea, fanya kazi nyepesi, zoezesha miguu. Anayejikunja na kupumua kidogo kidogo kwa hofu hukakamaa kifua na kuumwa zaidi.

Pili, tumia joto. Chovya kitambaa katika maji ya moto ya kiasi, kikamue, kiweke kifuani kwa dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa siku. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvingirishwa taulo pia inafaa. Jaribu kwanza joto hilo kwa mkono usije ukajichoma. Wengine hupata nafuu zaidi kwa barafu iliyofungwa katika kitambaa. Tumia inayokufaa.

Tatu, dawa. Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima humeza kidonge kimoja au viwili kila baada ya saa 6, na asizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki hupunguza uchungu na uvimbe, lakini si za kumeza kama njugu. Zinywe baada ya kula, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ugonjwa wa moyo, pumu inayochokozwa na dawa hizo, au mama mjamzito, asizinywe bila idhini ya daktari. Usinywe mbili za aina hiyo pamoja. Soma jina la dawa yenyewe kwenye pakiti, maana dukani dawa moja huuzwa kwa majina mengi. Dawa za viini, zile za kapsuli za rangi mbili ambazo wengi hukimbilia, hazina kazi hapa.

Nne, pumua. Mara kadhaa kwa siku keti wima, vuta pumzi polepole kupitia puani mpaka kifua kipanuke kiasi unachoweza kuvumilia, kisha itoe polepole. Fanya hivyo mara 5 hadi 10.

Tano, nyoosha kifua mlangoni. Simama katikati ya mlango, weka mikono yote miwili kwenye miimo, viwiko vikiwa chini kidogo ya mabega. Piga hatua moja mbele mpaka uhisi kifua kinavutika, si kuuma. Kaa hapo kwa sekunde 20 hadi 30, rudi, kisha rudia mara tatu. Kama tendo hilo linaleta uchungu mkali, liache kwa wiki moja halafu ujaribu tena.

Na yale ya kuepuka? Usimwambie rafiki akukanyage mgongo ili mbavu zirudi mahali pake. Hazikutoka. Usichanjwe kifuani kwa wembe, kwani utajiongezea kidonda na hatari ya maambukizi. Mafuta ya kuchua hayana ubaya ukipaka juu ya ngozi nzima na bila kukandamiza.

KURUDI KWENYE MAZOEZI

Hapa ndipo vijana wengi hukosea. Siku uchungu unapopungua, wanarudi na uzito ule ule wa zamani, na kesho yake wako pale pale. Haraka haraka haina baraka.

Anza na pushapu za ukutani: simama, weka mikono ukutani, jishushe na kujisukuma. Ukiweza 15 bila uchungu kwa siku kadhaa, hamia kwenye meza imara. Baadaye piga ukiwa magoti chini, halafu ndipo unyooke sakafuni. Kipimo chako kiwe hiki: ukiupa uchungu alama kutoka 0 hadi 10, usipite 3 wakati wa zoezi, na kufikia kesho yake asubuhi uwe umerudi ulivyokuwa. Ukizidi hapo, rudi hatua moja nyuma.

Ukilala kwenye benchi kuinua chuma, usikishushe mpaka viwiko vipite chini ya mwili. Weka taulo iliyokunjwa kifuani, na chuma kikifika hapo kirudishe juu. Usishike kwa upana mno. Lile zoezi la kujishusha kati ya vyuma viwili ukiwa umening'inia liwe la mwisho kabisa kulirudia, kwa sababu ndilo linalokivuta kidari kwa nguvu zaidi.

Pasha mwili moto dakika 5 hadi 10 kabla ya kuanza. Toa pumzi unaposukuma, usiibane. Na kwa kila zoezi la kusukuma fanya la kuvuta pia, ili mgongo nao upate nguvu. Kijana anayejenga kifua pekee, mabega yake huvutwa mbele na mbavu zake hazipati nafuu.

NA ASIYEWEZA KUPUMZIKA?

Najua kuna anayesema, "Daktari, mimi nisipobeba, watoto hawali." Ni kweli. Kwako wewe ushauri si kuacha, bali kugawa. Mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, ni afadhali kuliko mmoja wa lita 20 unaokuvuta upande mmoja. Weka mzigo karibu na mwili. Chuchumaa na uinuke kwa nguvu za miguu. Gunia zito libebwe na wawili kwa siku hizi chache. Kwenye mkokoteni, badilishana na mwenzako, leo yeye asukume nawe uvute. Mama, kinu kipewe vijana wa nyumba kwa wiki mbili, nawe chambua mboga. Hakuna aibu katika kusaidiwa.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, nitapona kwa muda gani? Wengi hupata nafuu katika wiki chache. Kwa wengine huchukua miezi kadhaa, na yanaweza kurudi baada ya kikohozi au kazi nzito. Kurudi si dalili kwamba moyo umeingia. Lakini kama baada ya wiki mbili au tatu za kujitunza hakuna nafuu yoyote, au maumivu yamebadilika sura, rudi ukaonwe tena.

Je, mbavu zangu zitaachana? La. Kano na magegedu yake ni imara. Kwa mtu ambaye hakupata ajali wala kupasuliwa kifua, mlio si ishara ya kuachana.

Je, wasiwasi unaweza kuongeza maumivu? Ndiyo. Mwenye hofu hukaza misuli ya kifua na kupumua haraka, na hayo yenyewe huleta uchungu. Ndiyo maana kupimwa mara moja vizuri na kuambiwa ukweli ni sehemu ya tiba.

Je, mtoto wangu wa miaka 14 anaweza kupatwa? Ndiyo, hata watoto hupatwa na maumivu ya mbavu. Lakini mtoto anayezirai akicheza, au anayeumwa kifua kila akikimbia, apimwe moyo kabla ya kurudi uwanjani.

KWA UFUPI

Mlio usio na maumivu usikunyime usingizi. Maumivu yenye mahali na yenye tendo lake mara nyingi ni ya mbavu, na hupona kwa subira, joto na kurudi kazini hatua kwa hatua. Maumivu mazito yanayosambaa, yenye jasho na pumzi fupi, au yanayokuja na kila mwendo wa haraka, si ya kumeza kidonge na kulala. Hayo ni ya hospitali, na ni ya sasa hivi.

Mweleze haya jirani ambaye hakuwa na redio leo.